Jua la Mwanza na ngozi yako: fanya hivi kabla ya mazoezi

Wadau wa mazoezi, hili jua tusilichukulie poa. Tupo karibu kabisa na ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi inapiga hata siku upepo wa ziwa unakupoza, ule upepo unapunguza joto tu. Na usidanganywe eti mtu mweusi haungui, mimi nilicheza msimu mzima mechi za saa nane mchana, masikio yakababuka na mdomo wa chini ukapasuka hadi chai ya moto nikawa nashindwa.

Kwanza muda. Kimbia saa 12 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, Capri Point saa hizo raha sana. Sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, chukua yenye SPF (kipimo cha kinga yake) 30 kwenda juu, cheki tarehe ya kuisha, paka nyingi dakika 15 kabla hujatoka, nyuma ya masikio na shingoni usiruke, halafu rudia kila masaa 2 maana jasho linaiondoa. Wapiga makasia, maji yanarudisha mwanga usoni kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Kofia ya pama inashinda kapelo. Jezi inyanyue kwenye mwanga, ukiona vidole vyako upande wa pili hiyo haikukingi vizuri.

Wenzetu wenye ualbino wapangiwe muda wa asubuhi na wapewe kivuli bila kuomba, jamani, saratani ya ngozi kwao ni hatari ya kweli. Na yeyote mwenye kidonda kisichopona wiki 4, wahi kwa daktari, usipake dawa za kubahatisha.