Kuchaji betri ya trela ukiwa barabarani: anza na waya

Kama una trela la kempingi lenye friji na betri yake, na kila ukifika kambini unakuta friji imezima japo umeendesha siku nzima, usikimbilie kununua betri kubwa zaidi. Mara nyingi betri haina kosa, umeme ndo haufiki.

Ile plagi ya pini 7 inayounganisha umeme wa gari na trela iliwekwa kwa ajili ya taa na waya zake ni nyembamba, sasa mtu anachukua waya mmoja hapo anautia kwenye betri ya trela anasema kazi imeisha. Piga hesabu: waya wa milimita mraba 2.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukipitisha ampea 20 unapoteza karibu volti 1.8, yaani oltaneta (ile inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) inatoa 14.2 huku nyuma zinafika 12.4, wakati betri ya asidi iliyojaa inakaa kama 12.6! Ampea zinashuka zenyewe na betri inabaki kudonoa tu mpaka safari inaisha. Weka waya wa milimita mraba 16, unapoteza kama volti 0.3 basi. Kuna mafundi watakuambia 6 inatosha, kwa trela fupi labda, mimi siweki.

Vuta waya mbili mpaka nyuma, chanya na hasi, usitegemee bampa na kichwa cha kuvutia trela kuwa ethi (njia ya umeme kurudi) maana pale ni grisi na kutu tupu. Zipitishe kwenye bomba la plastiki mbali na ekzosi. Kiunganishi cha gari na trela weka cha Anderson, aina ya plagi nene ya umeme mkubwa, cha ampea 50, na kabla hujakichomeka mara ya kwanza pima kwa mita kama chanya inakutana na chanya. Fyuzi ya ampea 50 karibu kabisa na betri ya gari, na nyingine karibu na betri ya trela. Hii ya pili watu wanaisahau sana, kumbe waya ukichunika kwenye chesisi, betri ya trela nayo inaweza kuwasha moto hata kama gari limezimwa.

Sasa kifaa cha katikati, kati ya betri ya gari na ya trela. Kwa Land Cruiser ya zamani ya dizeli yenye oltaneta ya kawaida, relei inayosoma volti (swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe) inatosha, nyingi zinaunganisha betri mbili volti zikifika 13.3 na kuachia zikishuka 12.8, kwa hiyo ukizima injini friji haiwezi kunyonya betri ya kuwashia gari. Magari mapya ni shughuli nyingine, kompyuta inashusha volti za oltaneta betri ya mbele ikishajaa, relei inaachia na huko nyuma hakuna kitu. Hapo nunua chaja ya DC-DC, inayochukua umeme wa gari na kuupandisha volti zinazotakiwa na betri ya trela, uifunge kwenye trela jirani na betri, sio kwenye boneti kwenye joto. Ukiwa na betri ya lithiamu ni lazima, maana inavuta ampea nyingi kiasi cha kuunguza oltaneta, na chaja uiseti kwa lithiamu.

Kama kinachovuta ni lori la volti 24, usiunge moja kwa moja hata kidogo, tafuta chaja inayopokea 24 na kutoa 12.

Ukimaliza, washa injini na friji, pima kwenye vichwa vya betri ya trela. Kwa betri ya asidi yenye chaji nusu, volti zikipanda taratibu kuelekea 14 uko vizuri, zikigoma chini ya 13 shika kila kiungo kwa mkono, kile chenye moto ndo kibovu.