Jino la kauri la implanti: namna ya kulitunza likae miaka

Watu wengi wakishawekewa jino la implanti, yaani mzizi wa bandia wa titaniamu unaopandikizwa kwenye mfupa na jino la kauri juu yake, wanaona kazi imeisha, manake kauri haiozi, basi wanarudi kwa maisha yao. Ni kweli kauri haiozi, lakini ufizi unaweza kuugua, na mfupa ulioshika ile titaniamu ukalika pole pole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Tafiti zinaonyesha zaidi ya asilimia 90 ya kraun za implanti (lile jino la kauri la juu) bado ziko mdomoni baada ya miaka 5, kwa hiyo hili jino linaweza kukaa sana, ila linataka mwenyewe awe macho.

Kabla hujatoka kliniki dai karatasi. Iandikwe kampuni ya implanti, upana na urefu wake, kraun imeshikwa na skrubu au simenti, ni zirkonia tupu (kauri ngumu sana) au imepakwa poseleni juu (kauri nyepesi ya urembo), na eksirei ya siku hiyo uipewe. Nakazania hii kwa sababu huku Uganda wengi wetu tunawekewa India au Nairobi halafu tunarudi nyumbani, na kampuni nyingi zina bisibisi yao, sasa skrubu ikilegea unaenda kwa daktari wa Kampala au Arua, anataka kukusaidia kabisa lakini bisibisi aliyo nayo haiingii. Piga picha hiyo karatasi, jitumie WhatsApp.

Kama bado unachagua, jino la nyuma mimi ningechukua zirkonia tupu, manake ile poseleni ya juu ndo hubanduka vipande, ingawa kwa jino la mbele inapendeza zaidi. Na ikiwezekana iwe ya skrubu, sababu simenti inaweza kuvuja ikabaki chini ya ufizi, haionekani, na baadaye ufizi unaanza kuvimba na kutoa usaha.

Kusafisha ni brashi laini mara mbili kwa siku, na usiku pitisha kale kabrashi kadogo ka katikati ya meno au uzi, uzungushe pale kauri inapokutana na ufizi, hapo ndipo uchafu unajificha. Miswaki ya mti ni mizuri lakini hapo katikati haifiki. Majivu na makaa achana nayo kabisa, yanakwaruza.

Kwenye kula, jua hivi: jino la kuzaliwa lina nyuzi zinazolishika kwenye mfupa, zinapunguza kishindo na zinakuambia umeuma kitu kigumu. Implanti haina, imeshikana na mfupa moja kwa moja, so unaweza kuuma kwa nguvu mbaya na usisikie. Matoke, muwogo, muchomo laini kula tu. Kufungua soda kwa meno, kuvunja mfupa, kumenya muwa kwa meno, hapana, muwa umenywe kwa kisu ukatwe vipande vidogo. Na kama unasaga meno usingizini mwambie daktari akutengenezee kinga ya kuvaa usiku.

Mara moja moja jipime. Osha mikono, weka kidole kimoja upande wa shavu na kingine upande wa ulimi, sukuma taratibu. Ukisikia kitu kinacheza kidogo, au ukiona mate yanatoa povu dogo pale kwenye ufizi ukibonyeza, mara nyingi ni skrubu imelegea na implanti yenyewe bado ni nzima, na daktari anaweza kuikaza siku hiyo hiyo. Lakini ukiendelea kulitafunia wiki nzima skrubu inaweza kukatikia ndani, hapo kazi ni kubwa na pesa pia. Na tafadhali usipake supagluu, hata kama kraun imetoka mkononi, ifunge kwenye kitambaa safi uende nayo.

Nenda kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka hata kama huumwi, daktari alinganishe eksirei mpya na ile ya mwanzo aone mfupa umeshuka au bado. Ufizi ukitoa damu au ukinuka usingoje huo mwaka uishe, hasa kama unavuta sigara au una sukari ambayo haijatulia, manake nyinyi ndo mfupa unaweza kuwaisha haraka. Na akisaga kraun kidogo ili meno yakutane vizuri, muombe ailainishe ing'ae kabla hujashuka kwenye kiti, sababu zirkonia yenye mikwaruzo inakula jino lako la asili linalokutana nayo.