Konflawa: ua la buluu lisilotaka kudekezwa

Kabla ya kuwa ua la bustani, konflawa (kitaalamu Centaurea cyanus) ilikuwa gugu. Kwa karne nyingi ilijiotea yenyewe katikati ya ngano na shayiri huko Ulaya, na jina lake la Kiingereza limetokana na mashamba hayo ya nafaka. Ikumbuke asili hiyo kila unapotaka kuifanyia jambo. Hakuna aliyeiatika kitaluni, hakuna aliyeitilia mbolea, nayo ikastawi. Wengi wanaoshindwa na ua hili huwa wameliua kwa huruma.

Ichagulie mahali panapopata jua saa 6 au zaidi kwa siku, penye udongo usiotuamisha maji. Tifua hadi kina cha sentimita 20 hivi, ng'oa magugu, sawazisha kwa reki. Samadi usiongeze. Ikiwa tuta lilitiwa samadi msimu uliopita, hiyo iliyobaki inatosha kabisa. Naitrojeni ikizidi utapata majani tele, mashina laini yanayolala chini mvua ya kwanza ikinyesha, na maua ya kuhesabu. Udongo wenye tindikali kali ndio pekee unaohitaji msaada wa mapema, yaani chokaa kidogo.

Mbegu uzipande palepale mche utakapoishi. Konflawa hushusha mzizi mkuu mapema sana, na ukiukata mzizi huo wakati wa kupandikiza, mche hudumaa au hufa. Kama huna budi kuanzia kwenye vyombo, tumia vikopo vya karatasi vinavyooza, kisha uvizike pamoja na mche bila kuugusa mzizi.

Chora mfereji wa kina cha sentimita 1, karibu nusu pingili ya kidole, dondosha mbegu, fukia na ukandamize kidogo kwa kiganja. Kina hiki wengi hukipuuza, lakini mbegu hii huota vizuri gizani; ukiimwaga juujuu na kuiacha iangalie jua, usishangae ikigoma. Udongo ukiwa na unyevu na joto la nyuzi 15 hadi 20 hivi, miche hutokeza kati ya siku 7 na 14. Joto kali huiudhi, kwa hiyo panda wakati wa ubaridi. Penye majira ya baridi yasiyo makali mno, mbegu zinazopandwa vuli, kabla ya baridi, hutoa mimea mirefu na yenye nguvu kuliko zinazopandwa masika, baada ya baridi, kwa sababu mizizi hupata muda wa kujijenga kwanza.

Kisha kuna kazi ambayo watu huikwepa: kupunguzia miche. Najua inauma kung'oa mche wenye afya. Lakini miche iliyosongamana hunyang'anyana mwanga, hurefuka ikiwa myembamba, na hewa isipopita katikati yake ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, huingia. Ikifika kimo cha sentimita 5 hivi, acha mmoja kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Iliyozidi ikate kwa mkasi usawa wa ardhi badala ya kuivuta, ili usitingishe mizizi ya jirani.

Baada ya hapo mwagilia udongo unapokauka tu, na maji yaende kwenye shina, si juu ya majani. Mche ukifika sentimita 15 unaweza kuikata ncha yake. Utatoa matawi ya pembeni na maua zaidi. Aina ndefu hufika sentimita 90, kwa hiyo zifungie kamba na vijiti mapema, kabla hazijaanguka. Vidukari wakijikusanya kwenye vitumba, wapukute kwa mrusho wa maji. Dawa kali ziache, maana ua hili hupendwa sana na nyuki, nawe unawahitaji, kama utakavyoona.

Maua huanza takriban wiki 8 hadi 12 baada ya kupanda, na siku ndefu huyaharakisha. Yakate asubuhi yakiwa nusu wazi. Yanayonyauka yaondoe kila mara, kwani mmea ukishafunga mbegu huona kazi yake imekwisha. Ili usikose maua, panda mbegu chache kila baada ya wiki 2 au 3 badala ya kuzimaliza zote siku moja. Ya kukausha yatundike kichwa chini mahali pakavu penye giza, rangi itadumu. Petali huliwa pia, mradi hukupulizia dawa.

Mwishoni mwa msimu acha vichwa vichache vikauke juu ya mmea. Vile viua vikubwa vya pembeni, vinavyotuvutia sisi na wadudu, ni tasa; mbegu hutoka kwenye viua vidogo vya katikati, na karibu kila mara huhitaji chavua ya mmea mwingine iliyoletwa na nyuki. Ndiyo maana mmea mmoja peke yake hutoa mbegu haba, na ukichanganya ya buluu na ya waridi karibu karibu, mbegu zake zitakuja na rangi mchanganyiko. Mbegu iliyokomaa ina kishungi cha nywele ngumu kama brashi ndogo. Zikaushe, zitie kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe. Zitakazokuponyoka zitaota zenyewe msimu ujao, na mara nyingi hizo huwa na nguvu kuliko ulizopanda kwa mkono.