Namna ya Kupima Ubora wa Shule ya Msingi ya Serikali

Kila matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotangazwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), wazazi wenye watoto wa kuandikishwa darasa la kwanza hufungua tovuti ya Baraza, hutafuta jina la shule iliyo jirani, husoma wastani wake na kufanya uamuzi papo hapo. Takwimu hizo si za kupuuzwa, ila zinaeleza habari za darasa moja tu, tena darasa ambalo shule nyingi hulitengea walimu wao hodari, huliwekea masomo ya ziada asubuhi na jioni, na pengine hulilaza kambini wiki kadhaa kabla ya mtihani. Mtoto wako haingii darasa la saba. Anaingia darasa la kwanza, na huko chini ndiko shule inakofanana na hali yake halisi. Mwongozo huu unahusu shule za serikali za Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina utaratibu wake.

Hata hivyo, anza na matokeo hayo hayo, lakini yasome kwa jicho la mhasibu. Mtihani una masomo sita, kila somo lina alama 50, na jumla yake ni 300. Wastani wa 121 hadi 180 ni daraja C, kwa hiyo shule yenye wastani wa 125 na yenye 175 zote zitaandikiwa herufi moja ilhali zimeachana kwa alama hamsini nzima. Usiishie kwenye herufi. Angalia pia matokeo ya miaka mitatu au minne mfululizo, maana darasa moja lenye vipaji, au mwalimu mmoja wa Hisabati aliyehamishwa katikati ya mwaka, huweza kuinua au kuangusha shule kwa msimu mmoja tu. Baraza lenyewe limeacha desturi ya kutangaza shule kumi bora, na kwa maoni yangu lilichelewa kuiacha.

Kuna hesabu moja ambayo wazazi wachache huifanya, na inafanyika kwa simu tu. Matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne nayo huwekwa hadharani, shule kwa shule. Watoto waliofanya upimaji huo mwaka 2021 ndio, kwa kawaida, waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2024. Linganisha idadi hizo mbili. Tuchukue mfano wa shule iliyokuwa na watahiniwa 140 darasa la nne na ikabaki na 96 darasa la saba: hao 44 wamekwenda wapi? Baadhi watakuwa wamehama na wazazi wao, wengine walikariri darasa, lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka lina maana kwamba wanafunzi dhaifu hudondoka njiani, na wastani mzuri unaosifiwa ni wa waliosalia. Ulinganisho huu utavurugika kidogo mwaka 2027, ambapo darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani na darasa la sita la kwanza la mtaala ulioanza 2024 wanatarajiwa kumaliza pamoja.

Baada ya hapo nenda shuleni. Chagua siku ya kawaida katikati ya muhula, isiyo ya mitihani wala ya kikao cha wazazi, na ufike muda mfupi kabla ya mapumziko ya uji kwisha. Kengele, ambayo katika shule zetu nyingi ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, ikishagongwa, tazama saa yako. Watoto watakimbilia madarasani. Swali ni walimu watachukua dakika ngapi kuwafuata. Mwalimu kuwapo shuleni si sawa na kuwapo darasani, na shule iliyojaa walimu wanaosahihisha, kupiga soga au kuandaa taarifa ofisini wakati darasa la tatu linajisimamia lenyewe imeshakueleza jambo kubwa kabla hujauliza lolote.

Piga hodi ofisini kwa mwalimu mkuu, jitambulishe, na sema wazi kwamba unatafuta shule ya mtoto. Utapewa kitabu cha wageni usaini. Ukiwa na kalamu mkononi, tupia jicho mistari ya juu: Afisa Elimu Kata alifika lini mara ya mwisho, na Wathibiti Ubora wa Shule je? Wathibiti ubora wakishakagua huacha mapendekezo, basi uliza kwa adabu walipendekeza nini na nini kimekwisha kurekebishwa. Sipimi jibu la swali hili kwa uzuri wake. Mwalimu mkuu anayesema kwamba waliambiwa darasa la pili halisomi vizuri, wakaamua kumhamishia huko mwalimu fulani mwenye uzoefu, ananipa imani kuliko yule anayesema kila kitu kiko sawa.

Ubao wa matangazo nao unasomeka. Kwa utaratibu wa elimu bila ada ulioanza kutekelezwa 2016, ruzuku ya uendeshaji imekadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 800 inatarajia basi kama shilingi 400,000 kwa mwezi, fedha za kununulia chaki, kulipia mitihani na ukarabati mdogo. Si nyingi, na ndiyo maana matumizi yake yanatakiwa kubandikwa kila mtu ayaone. Karatasi ya mwezi uliopita ikiwa imebandikwa, kamati ya shule ipo kazini. Ikiwa iliyopo imepauka na ni ya miaka miwili iliyopita, huenda kamati imebaki jina.

Kuhusu majengo nitasema machache, kwa sababu rangi mpya ukutani haifundishi. Viwango vinavyotajwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu na kwa chumba, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule nyingi za mijini ziko mbali na viwango hivyo, hivyo usishangae. Uliza tu mrundikano umegawanywaje. Zipo shule zenye vyumba vya kutosha kwa darasa la saba huku darasa la kwanza likiwa na watoto 120 sakafuni, na huo ni uamuzi wa uongozi wala si uhaba pekee. Choo kikague mwenyewe, hasa cha wasichana, na uangalie kama kibuyu chirizi kilichoning'inia pembeni kina maji au ni pambo la wageni.

Ombi muhimu kuliko yote ni la kuona madaftari ya darasa la pili. Niliwahi kulifungua daftari la mwanangu wa darasa hilo, katika shule ambayo sitaitaja, nikakuta sentensi tano, kila moja ina vema la kalamu nyekundu, na chini yake tano kwa tano na saini. Sentensi ya pili ilikuwa “mama anapka wali”, ya nne ilikuwa “baba analima shanba”. Hakukuwa na mkasi hata mmoja. Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa nimefura. Nikamkuta ana watoto 130 katika chumba kimoja, yaani sentensi 650 za kusahihisha kwa somo moja la siku moja, hasira zikanywea. Tangu hapo, nikilishika daftari, situmii muda kuhesabu vema. Natafuta mahali mwalimu aliposahihisha neno kwa mkono wake, na mahali mtoto alipoliandika tena kwa usahihi. Madaftari kumi yakikosa alama za namna hiyo, mtoto wa shule hiyo anafundishwa nyumbani au hafundishwi kabisa. Angalia vilevile kama madaftari yote yana maneno yale yale kwa mpangilio ule ule: hiyo ni dalili ya kunakili ubaoni, nako kunakili si kuandika.

Uliza pia nani anafundisha darasa la kwanza na la pili, na kwa nini yeye. Katika shule dhaifu madarasa hayo hupewa mwalimu mgeni au yule anayeonekana kuchoka, kwa hoja kwamba huko ni kuimba tu. Katika shule makini utakuta mwalimu aliyepata mafunzo ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, tena amekaa huko miaka kadhaa kwa kupenda.

Jambo la viboko usilionee haya. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, iandikwe katika kitabu maalumu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike. Ukiona kila mwalimu anakatiza uwanjani na fimbo mkononi kama mchunga ng'ombe, kanuni hizo hazifuatwi, na mtoto wa miaka sita atajifunza kunyamaza kabla ya kujifunza kusoma.

Kipimo kilichobaki hakihitaji ruhusa ya ofisi yoyote. Mradi wa Uwezo, ulioanza kuwapima watoto majumbani mwao Tanzania mwaka 2010, ulitumia ngazi rahisi: silabi, neno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Fanya hivyo hivyo mtaani kwako. Jioni moja watafute watoto watano wa darasa la tatu au la nne wanaosoma shule hiyo, kwa idhini ya wazazi wao, uwaketishe mmoja mmoja barazani, na umpe kila mmoja ukurasa wa kitabu cha darasa la pili ambao hajawahi kuukariri. Usichague wale wanaosifiwa kwa akili. Mchukue na yule anayependa kushinda mpirani. Akishasoma, funika ukurasa na muulize hadithi ilihusu nini. Wanne wakisoma na kueleza, mwandikishe mwanao. Wawili wakisoma na watatu wakibaki kukisia kwa kutazama picha, rudi kwa mwalimu mkuu na majibu hayo, bila kutaja majina ya watoto, na umwombe akuonyeshe shule ina mpango gani kwa hao watatu.