Okidi imelegea majani? Angalia mizizi kwanza

Jamani kama okidi yako ya ndani majani yamelegea na kujikunja usikimbilie kuongeza maji, mara nyingi mizizi ndo imeshaoza kwa maji mengi kwahiyo mmea unakufa kiu huku umekaa kwenye unyevu. Itoe kwenye chungu taratibu alafu minya mzizi mmoja mmoja, ulio mgumu wa kijani au kijivu uache, uliolainika ukawa wa kahawia kata na mkasi uliofutwa spiriti. Panda upya kwenye vipande vya magome ya mti, sio udongo aisee, udongo unabana mizizi inakosa hewa na porini hizi okidi za dukani nyingi asili yake ni kuishi zimejishikiza juu ya miti. Chungu kiwe na matundu. Mwagilia pale mizizi ikigeuka rangi ya fedha, ikiwa bado kijani subiri, na maji yasituame katikati ya majani. Mwanga wa dirishani, sio jua kali. Mbolea acha mpaka uone ncha mpya ya mzizi, inaweza kuchukua miezi na inaniuma sana kuona watu wanaitupa hapo ikiwa bado hai kabisa.