Mbolea ya kuku isiunguze mchicha: mboji kwa mchanga wa Kigamboni

Mchanga wa huku kwetu Kigamboni hauna shukrani. Unamwagilia asubuhi, saa sita tuta limekauka kana kwamba hukupita. Mwaka wangu wa kwanza nilibeba mbolea ya kuku mbichi kutoka bandani hadi kwenye chainizi, kwa fujo kabisa. Kingo za majani zikaungua, na rutuba iliyosalia ikasombwa na masika. Siku hizi kila kitu kinapitia kwenye lundo kwanza, kioze kiwe mboji.

Hatua ya 1: Kusanya. Kuku wa nyama wakishatoka, zoa maranda ya bandani yaliyochanganyika na kinyesi. Vaa barakoa, vumbi lile si la mchezo. Kila ndoo ya maranda machafu naiongezea ndoo 2 za majani makavu ya mwembe au mkorosho, maana kinyesi kikizidi, nitrojeni, kirutubisho cha mimea, inapotea hewani kama amonia. Ndiyo harufu ile inayowasha macho.

Hatua ya 2: Panga lundo. Liwe kivulini, kimo na upana visipungue mita 1. Lundo dogo halishiki joto. Nyunyiza maji kila tabaka. Kamua konzi moja ya mchanganyiko: yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Yakichuruzika, umezidisha.

Hatua ya 3: Sikiliza joto. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya 4 chomeka nondo katikati, ngoja dakika 5, uichomoe. Ikikulazimisha kuiachia, lundo linafanya kazi: nyuzi 55 hadi 65, zinazoua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa kama salmonela. Pindua kila wiki, ya nje yaingie ndani. Nondo ikitoka baridi mapema, mara nyingi ni ukavu, ongeza maji. Likinuka, ongeza majani makavu. Mvua ikianza, funika kwa turubai.

Hatua ya 4: Jaribu. Baada ya miezi 2 au 3 mboji huwa nyeusi, inanukia udongo. Otesha mbegu za mchicha kwenye kopo. Zikigoma au zikinyauka, bado haijaiva.

Hatua ya 5: Weka shambani. Ndoo ya lita 20 kwa kila mita 1 ya mraba, changanya kwenye sentimita 15 za juu, kisha tandaza nyasi kavu. Masalia ya mboga wape kuku, ila usiwape yaliyopuliziwa dawa.

Mchicha ukishang'oa, ongeza nusu ndoo kabla ya kupanda tena. Kwa joto letu la Dar, mchanga hula mboji upesi.