Kulala garini, kushinda kwenye malori: mwongozo wa Walcott, Iowa

Kila Julai, penye njia ya kutokea namba 284 ya barabara kuu ya I-80 nchini Marekani, kituo cha malori cha Iowa 80 huandaa maonyesho ya malori yaitwayo Walcott Truckers Jamboree. Maonyesho haya yalianza 1979. Kituo chenyewe kipo tangu 1964, kina maegesho ya malori 900, na kiingilio cha maonyesho ni bure. Wanaokaa miji ya jirani ya Davenport, Moline na Rock Island, wakiwemo Wakongo na Warundi wengi waliohamia huko, wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Anayetoka Chicago au Des Moines ana saa mbili na nusu hadi tatu njiani. Huyo ni heri alale, tena alale garini, maana hema kwenye mvua za Julai za Iowa ni kazi ya ziada.

Pa kulala

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote: kuegesha gari dogo kwenye nafasi ya lori. Dereva wa lori Marekani anaruhusiwa kuendesha saa 11 ndani ya muda wa saa 14, kisha lazima apumzike saa 10 mfululizo. Saa zake zikiisha hawezi kusogea kihalali. Jioni nafasi zinapokwisha, ile uliyoikalia na Toyota Sienna yako ndiyo aliyokuwa akiipigia hesabu tangu asubuhi. Tumia maegesho ya magari madogo mchana, na usiku nenda kambini.

Kambi iliyo karibu na yenye nafasi ya kutosha ni West Lake Park, bustani ya kaunti ya Scott iliyo magharibi mwa Davenport, kando ya I-280. Ni kama maili 10 kutoka kwenye maonyesho. Wikiendi za Julai hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema, na uliza geti linafungwa saa ngapi, kwa sababu siku ya kutazama taa za malori utarudi usiku. Kuni usibebe kutoka nyumbani. Mdudu anayeua miti ya Kimarekani iitwayo ash husafiri ndani ya kuni, ndiyo maana watu wa huko husisitiza: nunua papo, choma papo.

Kuandaa gari

Pima kwanza, nunua godoro baadaye. Laza au toa viti vya nyuma, kisha pima kutoka migongo ya viti vya mbele hadi mlango wa nyuma. Unahitaji urefu wako na sentimita 10 zaidi. Zikipungua, lala mshazari, au sogeza kiti cha mbele na uzibe pengo kwa sanduku la nguo. Ukifika kambini, laza chupa ya maji sakafuni mwa gari: ikibingirika, ardhi imeinama. Geuza gari mpaka kichwa kiwe upande wa juu.

Madirisha mawili ya pande tofauti yafunguliwe sentimita 2 hadi 3, yakiwa na chandarua kilichoshikwa kwa sumaku kwenye fremu ya mlango. Ukifunga kote, pumzi hugeuka maji kwenye vioo na godoro huamka limelowa. Usiwashe injini usiku kucha kwa ajili ya kiyoyozi. Gesi ya kaboni monoksidi iliyo ndani ya moshi haina harufu na huua aliyelala. Jiko nalo halipikiwi ndani ya gari, hata mvua ikinyesha, hata mlango ukiwa wazi.

Kinachoharibu asubuhi ya wengi ni betri. Friji ndogo ya volti 12 ya aina ya bei nafuu hula kama ampea 4. Kwa saa 8 ni ampea-saa 32, na betri ya kawaida ya gari ina 45 hadi 60 tu, tena haifai kumalizwa zaidi ya nusu. Chomoa friji unapolala, utumie boksi la barafu. Zima pia taa za ndani zinazowaka mlango ukifunguliwa. Na usijifungie kwa rimoti: kwenye magari mengine ukijigeuza tu usiku, king'ora kinaamsha kambi nzima.

Chakula na maji

Boksi lipozwe usiku mmoja kabla kwa barafu utakayoitupa, kisha lipakiwe sehemu mbili za barafu kwa moja ya chakula. Chupa za maji za lita 2 zilizogandishwa hudumu kuliko vipande vidogo, na zikiyeyuka unakunywa. Hesabu lita 4 za maji kwa mtu kwa siku. Joto la Julai hupita nyuzi 30 mara nyingi, na unyevu wake ni wa Mombasa bila upepo wa bahari.

Chapati na viazi huvumilia safari. Wali ndio wa kuogopwa: usikae nje ya baridi zaidi ya saa 2, au saa 1 joto likipita nyuzi 32. Kopo la gesi la karibu nusu kilo, kwenye jiko la mafiga mawili yaliyofunguliwa mpaka mwisho, hudumu kama saa moja, kwa hiyo beba mawili kwa wikiendi. Ukipikia ugali penye upepo, kinga moto upande mmoja tu. Kuzungushia jiko lote hupasha kopo lenyewe.

Asiyekula nguruwe ajue mapema kwamba chakula kinachotamba kwenye maonyesho haya ni nyama ya nguruwe ya kuchoma.

Siku yenyewe

Ipange kwa jua. Jua huchomoza kama saa 11:40 alfajiri na kuzama kama saa 2:30 usiku, na malori haya yamejaa kromu na alumini iliyosuguliwa. Saa sita mchana picha zote hutoka na mwanga mkali mweupe na taswira yako mwenyewe kwenye bampa. Fika asubuhi, wakati madereva wanasugua ringi na wana nafasi ya kuzungumza. Waamuzi wa shindano la urembo wa malori wakipita, kaa pembeni.

Usiguse. Jasho la vidole huacha alama kwenye alumini, na pete hukwaruza rangi iliyogharimu mamia ya saa. Ukiruhusiwa kupanda kabini, shika kwa viungo vitatu muda wote, mikono miwili na mguu mmoja au kinyume chake, na ushuke uso ukielekea lori. Wengi huteguka kwa kuruka.

Cha kutazama? Kwenye Peterbilt 379, iliyoundwa 1987 hadi 2007, tafuta pua, yaani boneti iliyo mbele ya kabini. Kipimo cha kutoka bampa hadi nyuma ya kabini ni inchi 119 kwa fupi na 127 kwa ndefu, na wapenzi wake hubishana juu ya inchi hizo 8 kama watu wa Simba na Yanga. Kwenye malori ya kale, chungulia kabini ya Mack za mfululizo wa B (1953 hadi 1966): baadhi zina fimbo mbili za gia, na dereva alizibadilisha zote pamoja. Aliyezoea Scania na DAF za barabara ya Mombasa atashangaa kuona malori yasiyo na pua ni machache na mengi ni ya zamani. Sheria za majimbo zilikuwa zikibana urefu wa gari zima, hivyo kabini ilikaa juu ya injini ili trela irefuke. Sheria ya shirikisho ya 1982 ikahamishia kipimo kwenye trela, na pua ikarudi.

Saa sita hadi saa tisa jua linachoma. Ingia jumba la makumbusho la Iowa 80, hapohapo, lenye malori zaidi ya 100, nalo ni bure. Bafu za kituo hulipiwa na yeyote, asiye dereva pia.

Ukiwa na watoto, wawekee vizuizi vya masikio kabla ya honi za upepo kuanza, na wasipite mbele ya lori lenye injini iliyowashwa: mita 6 mbele na mita 9 nyuma dereva haoni mtoto. Nawe ukiwa kwenye gari, lori likienda kushoto kwanza linapotaka kukata kulia, usijipenyeze kwenye uwazi huo.

Ving'ora vya tahadhari vya mji vikilia, acha kila kitu uingie jengo imara. Gari si kinga ya kimbunga cha tornado.

Taa hupendeza baada ya saa 3 usiku. Kurudi kambini, kulungu huvuka barabara za mashambani gizani, na mmoja akipita mara nyingi mwingine anafuata. Punguza mwendo, shika breki ukiwa kwenye njia yako, na usikate usukani kumkwepa.